Diski ya Mfumo Inapokataa Kuwaka

Shule nyingi za mashambani nchini Kenya hupata kompyuta zake baada ya ofisi za mjini kumaliza haja nazo, na mashine ya namna hiyo, diski yake ngumu ikiwa imefutwa ili kuhifadhi siri za mwenyewe wa awali, hufika ikiwa kiwiliwili tu. Ikiwa shule yenyewe iko Mboghoni, katika nchi tambarare ya Taveta ambako mto Lumi huteremka kuelekea ziwa Jipe, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Voi, basi mwalimu aliyekabidhiwa mashine hizo hana budi kufikiri mapema juu ya bei ya intaneti. Maana mfumo endeshi ukishasimikwa hudai masasisho, na darasa zima la kompyuta, kila moja ikijipakulia yake, ni gharama isiyobebeka kwa hazina ya shule. Ndipo linapozuka wazo jema la kutengeneza diski makhsusi: kuchukua mfumo huria kama Debian au Ubuntu, kuufumua, kutia ndani yake masasisho, kamusi, programu za hesabu na tafsiri za Kiswahili, kuufunga tena, na kuuchoma kwenye dividii moja itakayozungushwa mashine kwa mashine.

Wazo hili lina nasaba njema katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Na hadi mwaka 2011 kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma sidii za Ubuntu kwa posta, bure, kwa yeyote aliyeziomba, popote duniani. Sidii hizo hazitumwi tena, lakini haja ya mfumo unaokuja umekamilika, usiomlazimisha mtumiaji kununua bando kabla ya kuandika sentensi yake ya kwanza, haikuondoka pamoja nazo, nami naiona kazi ya kuzitengeneza hapa kwetu kuwa ni kazi ya heshima inayostahili kufanywa kwa ilimu.

Amma balaa huja siku ya majaribio. Dividii hutiwa, taa ya kiendeshi humweka mara mbili tatu, lenzi husikika ikikwaruza, kisha kioo hubaki cheusi chenye kistari kinachopepesa katika pembe, au mashine huleta ujumbe kwamba haikuona kifaa cha kuwashia. Hapo fundi asiye na subira hununua pakiti nyingine ya diski, hubadili kebo, hubadili mipangilio yote kwa pamoja, na ifikapo jioni hata mashine ikiwaka hajui ni lipi katika aliyoyafanya ndilo lililoiponya.

Mkulima wa migomba huko Taveta akiona maji hayafiki shambani kwake huufuata mfereji kwenda juu, akikagua lango baada ya lango, mpaka afike mahali maji yaliposita. Na kompyuta nayo huwaka kwa mfereji wa aina hiyo, ambamo kila hatua huipokeza inayofuata kisha ikajiondoa. Madabodi huamsha programu yake ya asili, iwe ni BIOS ya zamani au UEFI iliyoirithi. Programu hiyo hutafuta kipakiaji ndani ya diski. Kipakiaji huleta kerneli katika kumbukumbu pamoja na mfumo mdogo wa muda uitwao initramfs. Na mfumo huo mdogo ndio unaoutafuta mfumo mkubwa uliokunjwa ndani ya diski na kuukabidhi kazi. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye diski ni hili: ni nani aliyesema mwisho katika kioo?

Ikiwa hakuna aliyesema kitu, sharti kuanza na yale mepesi. Itie diski katika kompyuta nyingine iliyo hai na utazame vilivyomo: ukikuta faili moja tu lenye mkia wa .iso, basi diski haikuchomwa kama taswira bali faili limenakiliwa kama barua inavyonakiliwa, na hakuna mashine duniani itakayowaka kwa diski hiyo. Kisha tazama mpangilio wa kuwasha, na hasa saa ya mashine, kwa kuwa kompyuta iliyokaa stoo muda mrefu aghalabu betri yake ndogo ya CR2032 imekufa, na kila umeme ukikatika mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani, diski ngumu ikitangulia. Angalia pia kama kiendeshi ni cha sidii tu ilhali wewe umeleta dividii. Sidii ya dakika 80 hubeba sekta 360,000, yaani baiti 737,280,000 na si zaidi, na mfumo wa kisasa hauenei humo. Vumbi jekundu la Taita nalo si jambo la kupuuzwa, kwani huingia katika lenzi, na diski iliyochomwa kwa kasi ya juu husomeka kwa taabu katika kiendeshi kilichozeeka.

Hayo yakiwa salama, tunafika mahali ambapo diski nyingi za kujitengenezea huangukia, napo panataka kuelezwa kwa kituo. Kanuni ya ISO 9660, iliyotolewa mwaka 1988, huigawa diski katika sekta za baiti 2,048, na huziacha sekta 16 za mwanzo, kuanzia 0 hadi 15, kwa matumizi ya mfumo wowote utakaozihitaji. Sekta ya 16 hubeba utambulisho wa diski, na humo husomwa herufi CD001. Lakini kanuni hiyo haikueleza namna kompyuta binafsi itakavyowaka kwa diski, na pengo hilo lilikuja kuzibwa Januari 1995 na wahandisi wa Phoenix na IBM kwa kanuni waliyoiita El Torito. Kwa mujibu wake, sekta ya 17, inayoanza kwenye baiti ya 34,816, huwa na hati ya pili yenye maneno EL TORITO SPECIFICATION, na hati hiyo hutaja namba ya sekta ilipo orodha ya kuwashia. Orodha yenyewe ni fupi mno: ingizo la kwanza ni la uthibitisho, nalo hufungwa kwa baiti mbili, 55 na AA, ingizo la pili huanza kwa 88 ikiwa kuna cha kuwasha, au kwa 00 ikiwa hakuna, kisha huonyesha mahali kipakiaji kilipo.

Sasa mtazame mtu anavyotengeneza diski yake. Huifungua ISO ya asili, hunakili mafaili yote katika folda, huongeza yake, kisha huifunga folda hiyo kuwa ISO mpya. Hati ya sekta ya 17 si faili, haimo katika folda yoyote, na kwa hiyo haikunakiliwa. Mfungaji asipoiambia programu ya kufungia, iwe genisoimage au xorriso, kwamba aitaka hati hiyo iandikwe upya na kipakiaji ni kipi, atapata diski ambayo kila faili limo, kila kitu husomeka, na haiwaki. Kuthibitisha ni kazi ya dakika moja: ifungue ISO kwa programu ya kuonyesha baiti, mathalan xxd, uende kwenye baiti ya 34,816, na usome. Maneno ya El Torito yakikosekana, uchunguzi umekwisha, na wala diski nyingine hainunuliwi.

Yakiwapo, bado kuna hila za kipakiaji. ISOLINUX, ambacho H. Peter Anvin alikiandika kwa ajili ya diski za namna hii, hudai mambo matatu wakati wa kufunga: kwamba kisichukuliwe kama flopi ya kuigiza, ndiyo -no-emul-boot, kwamba vipande vinne vya baiti 512 vipakiwe mwanzo, ndiyo -boot-load-size 4, na kwamba ndani yake iandikwe jedwali la mahali pake katika diski, ndiyo -boot-info-table. Likisahauliwa hili la tatu, kipakiaji hujikagua, hujiona hesabu yake haikubali, na husimama kikiomba radhi kwa maandishi. Ujumbe huo ni habari njema kwa mchunguzi, kwa sababu unathibitisha kwamba BIOS, kiendeshi, lenzi na sekta ya 17 vyote vimekwisha kutimiza wajibu wao.

UEFI ina sharti zake. Yenyewe haikitaki kipakiaji cha BIOS, bali hutafuta ingizo jingine katika orodha ile ile, linaloelekeza kwenye taswira ndogo ya FAT yenye faili EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, na kwa hiyo diski iliyofungwa kwa njia ya zamani peke yake huwaka katika mashine za kale na kuwa bubu katika mpya. Fauka ya hayo, mashine zilizotoka tangu enzi ya Windows 8, mwaka 2012, aghalabu huwa na Secure Boot, inayoikataa kerneli isiyo na saini inayotambulika. Kadhalika, ISO ile ile yaweza kuwaka ikiwa dividii na kukataa ikiwa flashi, kwa kuwa flashi huhitaji sekta ya kuwashia ya baiti 512 katika zile sekta za mwanzo zilizoachwa tupu, na kufunga upya bila ya uangalifu huifuta.

Lau kerneli imekwisha kusema, maandishi yakapita mbio kiooni, kisha mashine ikalalamika kwamba haioni chombo chenye mfumo, hapo usiiguse tena sekta ya 17. Katika Ubuntu, mfumo mdogo wa muda hubeba namba ya utambulisho inayopaswa kulingana na ile iliyo katika folda ya .disk ndani ya diski; aliyeijenga initramfs upya na kuiacha namba ya zamani amezifarakanisha mbili hizo kwa mkono wake. Katika Fedora kosa lenye sura hiyo hiyo hutokana na jina la diski: mjenzi huipa jina jipya, pengine la shule yake, ilhali mstari wa kuwashia kerneli bado unalitafuta jina la kale.

Jambo moja huwapotosha hata waangalifu. Muhtasari wa SHA-256 uliotangazwa na watengenezaji wa mfumo wa asili, zile herufi na tarakimu 64, haufai tena kuikagua diski uliyoibadilisha, kwa kuwa baiti moja ikibadilika muhtasari wote hubadilika. Huna budi kukokotoa wako mwenyewe kwa ISO uliyoifunga, kisha kuisoma diski iliyochomwa kwa idadi ile ile ya baiti, kwani mkiani huweza kuongezewa sekta za ziada, na kulinganisha. Zikilingana, mchomaji na diski wote wawili wametoka katika shutuma.

Kwa hiyo nawasihi wanaozitengeneza diski hizi, walimu na mafundi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, waihifadhi amri nzima waliyoifungia ISO katika faili la maandishi ndani ya diski yenyewe, waandike muhtasari wake juu ya jalada, na wakipatwa na hitilafu wabadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kompyuta ya kuigiza kama QEMU au VirtualBox haigharimu hata senti, nayo huijaribu ISO kabla haijachomwa. Na anayeitengeneza Voi ili itumike Mboghoni aijaribu Voi, kwa BIOS na kwa UEFI, kabla ya kupanda matatu.