UTUNZAJI WA VIWANJA VYA NYASI KWA MBOLEA ZA ASILI: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WAKAZI WA BUGENE

Maelezo haya yanawahusu watumishi wanaosimamia viwanja vya ofisi, shule, zahanati na nyumba za Serikali, pamoja na wakazi wote wenye nyasi mbele ya nyumba zao katika Kata ya Bugene na sehemu nyingine za Wilaya ya Karagwe na ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Yanaeleza namna ya kuachana na mbolea za chumvichumvi na dawa za kuulia magugu, na kutunza nyasi kwa njia za asili katika udongo wa mfinyanzi ulio hafifu. Msingi wake ni mmoja: kiwanja cha nyasi kijilishe kwa nyasi zake chenyewe, wala kisinyang'anye kibanja samadi yake.

UZITO WA SUALA HILI

Kiwanja cha nyasi si pambo la ofisi tu. Nyumba nyingi za eneo hili zimejengwa kwenye miteremko. Pale ambapo ua umefyekwa hadi chini na kufagiliwa kila asubuhi hata udongo ukabaki mtupu, matone ya mvua huupiga na kuuvunja udongo, tope hurukia kuta, na maji huteremka na tabaka la juu lenye rutuba. Baada ya miaka michache msingi wa nyumba huanza kuonekana na mifereji hujaa mchanga. Nyasi zilizoshikamana vyema huzuia madhara hayo yote.

Aidha, kinachooshwa juu ya kilima hakipotei. Maji ya eneo hili huelekea Mto Kagera, na mto huo humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Wananchi wanafahamu jinsi magugu maji yalivyoenea katika ziwa hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwatatiza wavuvi na vyombo vya usafiri. Mmea huo hustawi kwa naitrojeni na fosforasi, yaani virutubisho vile vile vinavyopatikana katika mbolea iliyomwagwa kwa wingi na kusombwa na mvua.

Hata hivyo, kuacha mbolea za viwandani hakumaanishi kukimbilia samadi. Kilimo cha Kagera kimesimama tangu zamani juu ya kibanja, ambamo migomba, kahawa na maharage hukua pamoja. Rutuba ya kibanja haikutokea yenyewe: ilijengwa kwa samadi ya ng'ombe, takataka za jikoni, na nyasi zilizokatwa katika rweya, yaani mbuga za wazi, na kutandazwa chini ya migomba. Kadiri ng'ombe na mbuga zinavyopungua kwa kila kaya, ndivyo samadi inavyozidi kuwa adimu. Toroli moja la samadi linalopelekwa kwenye nyasi za ofisi ni toroli moja lililokosekana kwenye mgomba wa mtu. Kwa sababu hiyo, haifai chakula cha wananchi kipunguzwe ili ua wa ofisi upendeze.

HALI YA UDONGO

Udongo haufanani kila mahali, na ni vyema kila mmoja aupime wa kwake kwanza. Chukua udongo kiasi cha ngumi, uulowanishe kidogo, kisha uubonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada ili utoke kama utepe. Ukikatika mara moja, una kichanga kingi. Ukitoa utepe mrefu kuliko sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi.

Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno. Zinapokanyagwa zikiwa na maji hushikana, nafasi za hewa huzibwa, na mizizi hubaki juu juu. Wakati wa kiangazi udongo huwa mgumu na kupasuka, na wakati wa masika maji hutuama. Udongo mwekundu wa nchi za mvua nyingi una pia madini ya chuma na alumini yanayoishika fosforasi kwa nguvu, hata mmea ukashindwa kuipata. Utafiti wa Ariane Krause wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, uliofanyika Karagwe kwa ushirikiano na asasi ya MAVUNO na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba udongo wa shamba la majaribio ulikuwa na tindikali na upungufu mkubwa wa fosforasi. Mboji ilisaidia mazao kwa sababu ilipunguza tindikali na kuongeza fosforasi kwa pamoja.

Hapo ndipo inapoonekana kasoro ya kutegemea mbolea ya mfuko. Salfeti ya amonia huzifanya nyasi ziwe kijani kwa majuma machache, lakini kila inapotumika huongeza tindikali. Msimu unaofuata nyasi huwa dhaifu zaidi, na mwenye kiwanja hulazimika kununua mfuko mwingine. Tatizo la udongo hubaki pale pale.

HATUA ZA KUFUATA

1. Kuchagua nyasi zinazoikubali hali ya mahali. Ukoka wa kienyeji huvumilia ukame na kukanyagwa, ila hauhimili kivuli. Pasipalamu huvumilia udongo hafifu wenye tindikali. Nyasi za Kikuyu hupendeza katika nchi za juu, lakini zinahitaji udongo wenye rutuba; zisipandwe mahali palipochoka.

2. Kukata kwa kimo. Ukoka ubakizwe sentimita 3 hadi 5, na pasipalamu sentimita 6 hadi 8. Kisikatwe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Desturi ya kufyeka hadi udongo uonekane ndiyo inayoua nyasi nyingi, kwani mizizi hufupika kadiri majani yanavyofupishwa. Fyekeo linolewe; fyekeo butu huchana majani na kuyakausha ncha.

3. Kuyaacha mabaki uwanjani. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, nayo haina gharama. Majani mafupi yaliyokatwa yaachwe pale yalipoangukia. Huoza upesi na kurudisha hadi robo ya naitrojeni inayohitajiwa na kiwanja kwa mwaka. Yakiwa marefu, yakusanywe kwa reki na kupelekwa kwenye lundo la mboji la kiwanja hicho hicho. Yasichomwe moto, kwani naitrojeni yote hupotea kwa moshi.

4. Kutoboa udongo. Mwanzoni mwa mvua, udongo ukiwa na unyevu bila kuwa tope, uchomwe kwa jembe uma hadi kina cha sentimita 10, kila baada ya sentimita 10 hadi 15. Sehemu za njia, ambako watu hukatiza kila siku, zitobolewe mara mbili kwa mwaka, au ziwekewe mawe ya kukanyagia.

5. Kutandaza mboji. Lundo lijengwe mahali penye kivuli kwa matabaka ya nyasi zilizokatwa, majani makavu ya miti na udongo kidogo, likiwa na upana wa meta 1.5 na kimo cha meta 1 hivi. Linyunyiziwe maji, lifunikwe, na ligeuzwe kila baada ya majuma matatu. Kwa kawaida mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu au zaidi kidogo. Ichekechwe, kisha itandazwe kwa unene wa nusu sentimita mara baada ya kutoboa, na ifagiliwe iingie katika matundu. Kiwanja cha meta mraba 100 kitahitaji nusu meta ya ujazo, yaani matoroli manane hivi. Mboji isipotosha, zianzwe sehemu zilizo tupu.

6. Kupunguza tindikali. Jivu la kuni la jikoni, lisilochanganyika na plastiki wala takataka nyingine, linafaa badala ya chokaa. Gramu 50 hadi 70 kwa kila meta mraba kwa mwaka zinatosha. Jivu lisichanganywe na samadi au mboji mbichi, kwani huifukuza naitrojeni angani. Kwa viwanja vikubwa vya shule, ni vyema udongo upimwe kwanza. Afisa ugani wa kata anaweza kuelekeza namna ya kuchukua sampuli.

7. Kung'oa magugu kwa mkono. Kazi hii ifanywe siku moja baada ya mvua, kabla magugu hayajatoa mbegu. Mimea midogo inayotambaa ya jamii ya mikunde ising'olewe, maana mizizi yake huvuta naitrojeni kutoka hewani na kuzinufaisha nyasi.

MAMBO YA KUEPUKA

Mchanga kidogo usimwagwe juu ya mfinyanzi kwa kudhani utaulainisha. Vitu hivyo viwili vikichanganyika kwa kiasi kisichotosha hugeuka kuwa kama tofali. Mboji ndiyo inayoufungua udongo.

Mabaki ya migomba yenye mnyauko wa bakteria, ugonjwa uliobainika mkoani Kagera mwaka 2006, yasiingizwe katika lundo la mboji. Hali kadhalika, panga au fyekeo lililogusa mgomba mgonjwa lisafishwe kwa moto au dawa ya jiki kabla ya kutumika tena.

Nyasi zisikatwe katika rweya au katika shamba la mtu kwa ajili ya kutandaza kwenye ua wa ofisi.

MUDA WA KUSUBIRI

Nyasi zilizozoea mbolea ya mfuko hufifia na kuwa na rangi ya manjano katika msimu wa kwanza zinapoachishwa. Hali hiyo isiwavunje moyo wasimamizi hata wakarudia mfuko. Wanaoogopa mabadiliko ya ghafla wapunguze mbolea kwa nusu katika masika ya kwanza na kuiacha kabisa vuli inayofuata. Mabadiliko ya kweli huonekana kati ya mwaka wa pili na wa tatu: minyambo huongezeka, maji ya mvua hunywea badala ya kutiririka, na nyasi hukawia kukauka kiangazi kinapoingia.

Dalili ya kufaulu si ukijani peke yake. Mvua kubwa inapokwisha, msimamizi na aende chini ya mteremko wa kiwanja chake akayatazame maji yanayotoka. Yakiwa mekundu, udongo ungali unaondoka, na sehemu iliyo wazi itafutwe na kupandwa. Yakiwa maangavu, kiwanja kimeanza kujitunza.

Kwa hiyo, watumishi na wakazi wanahimizwa kuanza na mambo mawili yasiyohitaji fedha: kuinua kimo cha kukata, na kuyaacha mabaki uwanjani. Mengine yafuate kwa kadiri ya nguvu iliyopo, na samadi iendelee kwenda kwenye migomba.