Miombo Haingoji Mvua (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliuacha upepo wa kusini ukilivuruga Ziwa Tanganyika, na vilima vya Kigoma vikiwa vyeusi kwa moto wa kiangazi. Sasa tufike mwishoni mwa Septemba. Ardhi bado ni kavu na vumbi la Ujiji halijatulia, lakini mlimani kuna jambo limeanza.

Msomaji wa Tanga au Dar es Salaam amezoea kuhesabu vuli na masika. Kigoma hesabu ni nyingine: mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha kiangazi. Ungedhani basi miti ingesubiri. Haisubiri. Majuma kadhaa kabla ya mvua ya kwanza, mitundu na miyombo huchipua majani mapya, nayo hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, na hukaa hivyo siku kadhaa kabla ya kugeuka kijani. Mninga nao huvaa maua ya manjano ukiwa bado hauna majani. Maji ya kazi hiyo ni akiba: mizizi imezama mbali, na shina lenyewe limeyatunza. Wekundu ni rangi iliyomo kwenye jani changa, na wataalamu wengi wanaamini hulikinga na jua kali. Na moto wa Septemba ni mbaya kuliko wa Juni, maana hukuta machipukizi.

Haya huyaoni ukipita na pikipiki. Wajapani wana desturi ya kwenda msituni bila shughuli yoyote, kutembea polepole na kupumua tu. Idara yao ya misitu iliipa jina shinrin-yoku mwaka 1982. Ni desturi nzuri, ila kwa maoni yangu Kigoma ilikuwa na somo kubwa zaidi miaka 22 kabla ya hapo.

Tarehe 14 Julai 1960, Jane Goodall, msichana wa miaka 26 asiye na shahada, alishuka kwenye ufuko wa Gombe akiwa na mama yake, Vanne, ili awachunguze sokwe. Miezi ya kwanza sokwe walimkimbia hata akiwa mbali. Alichofanya ni kukaa. Alichagua kilima chenye kuona mabonde pande mbili, akavaa nguo zisizong'aa, akapanda hapo kila asubuhi na darubini, akaketi mahali pa wazi ili sokwe wamwone na wamzoee. Hakujificha, watu wengi husahau hilo wanapomsimulia.

Matunda ya kukaa huko yalikuja na mvua, wala si kwa bahati. Mvua zinapoanza, mchwa wafanyakazi hutoboa njia hadi juu ya kichuguu ili kumbikumbi wapate kuruka, kisha huziziba kwa udongo mwembamba. Sokwe anajua. Hukwangua kizibo kwa kidole, huingiza jani la nyasi, husubiri, halafu hulivuta likiwa limejaa mchwa walioling'ata. Mapema Novemba 1960 Goodall alimwona dume aliyempa jina David Greybeard akifanya hivyo, na baadaye akawaona sokwe wakipukusa majani ya kijiti ili kifae kwa kazi. Hadi hapo wasomi walishikilia kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Angefika na kuondoka ndani ya kiangazi kile, kichuguu kingebaki kichuguu.

Kwa anayetaka kujaribu: boti za kuelekea kaskazini huondokea Kibirizi, na Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, ina msitu mbichi mabondeni na miombo kwenye miteremko. Mwenye mafua asiende. Maradhi yetu ya kifua huua sokwe. Asiye na nauli ya boti wala kiingilio atapata miombo ya kutosha njia ya Uvinza kuelekea Mpanda, akishabisha hodi kwanza kwa viongozi wa kijiji. Aende alfajiri na akae. Mwanzoni ndege hunyamaza kwa sababu yake, kisha humsahau, na hapo msitu huendelea na mambo yake. Jambo moja majarida ya mapumziko hayalitaji: mbung'o. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, basi nguo hizo ziachwe nyumbani, na utulivu utakuwa rahisi zaidi.

Kusini zaidi, katika milima ya Mahale, Toshisada Nishida alianza kuwafuata sokwe mwaka 1965. Yeye subira yake aliisaidia kwa kupanda miwa, ili sokwe waje wenyewe. Kama miwa ilisaidia au iliharibu, hilo ni la sehemu ya tatu.