Si Uchawi, Si Uzee Tu: Hivi Ndivyo Amiloidi Inafinya Mishipa ya Ubongo wa Shosh

Shosh akianza kukuuliza swali moja mara tano kwa dakika kumi, mtaani kuna majibu mawili tu: ni uzee, ama amerogwa. Huko Kilifi, hii stori ya uchawi imepeleka wazee kaburini. So cheki jibu ingine, yenye iko ndani ya mishipa ya damu.

Ubongo wako ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni. Na hauna stoo. Damu ikikatika kidogo, seli zinaanza kulia njaa hapo hapo.

Sasa kuna protini inaitwa amiloidi beta. Huyu si mgeni, sote tunamtengeneza. Ni kipande kinakatwa kutoka kwa protini kubwa zaidi, na ukiwa fiti kinaondolewa, kingine kikitokea kwa kuta za mishipa. Shida inaanza vipande vikizidi, vishikane. Wasee wengi wanajua tu yale madoa kati ya seli za neva, yenye Alois Alzheimer alieleza mwaka wa 1906. Lakini kuna kipande cha asidi amino 40 chenye hupenda kukwama kwa ukuta wa mshipa wenyewe, vile takataka hujaa kwa mtaro mvua ikipita.

Kwa mishipa midogo kabisa kuna seli zinaitwa perisaiti, zimekumbatia bomba kama vidole. Mwaka wa 2019, watafiti wa University College London walionyesha kwamba amiloidi inafanya zikaze. Inazua molekuli kali za oksijeni, hizo zinaachilia kemikali ya endotelini, na endotelini inaambia perisaiti: finya! Na kwa hesabu ya mabomba, ukipunguza upana kwa nusu, hupati nusu ya maji. Unapata kama moja kwa kumi na sita. Hapo ndio mambo inachacha, na msee bado hajasahau kitu.

Mishipa mikubwa kiasi inaumia kivingine. Amiloidi inajaa kwa ukuta, misuli yake inakufa, ukuta unabaki mkavu kama mpira wa zamani. Siku moja unapasuka.

Kama unadhani nakutisha, angalia Katwijk, mji wa wavuvi Uholanzi. Kuna familia hapo zinarithi badiliko moja dogo kwa jeni ya hiyo protini kubwa, na mtu anaweza kuvuja damu kwa ubongo akiwa na miaka kama 50. Badiliko lenyewe lilitambuliwa 1990. Mzazi akiwa nalo, kila mtoto ni sarafu imerushwa juu.

Dawa je? Lecanemab iliidhinishwa Marekani 2023, inang'oa amiloidi. Lakini ubongo unaweza kuvimba ama kuvuja damu, juu unang'oa takataka kwa ukuta wenye tayari umechoka. Ndio maana wagonjwa wanapigwa picha za MRI mara kwa mara.

Ya hapa kwetu ni presha. Ukuta dhaifu na presha ya juu haviwezani kabisa, na hiyo inapimwa hata kwa zahanati. Na kama shosh anameza dawa ya kupunguza kuganda kwa damu, daktari aambiwe mapema.