Msamaha wa Kodi za Kale

Mwenye shamba akikosa kulipa kodi mwaka mmoja, huomba subira. Asipolipa mwaka wa pili, deni huzidi. Baada ya miaka kumi, ardhi yenyewe huwa kama mzigo mgongoni, na wengine huikimbia. Hapo serikali nayo hupata hasara, kwa maana shamba lililoachwa halileti kodi wala chakula. Basi yafaa nini: kumnyang'anya mtu shamba, au kumfutia deni?

Warumi wa kale walijibu mara nyingi kwa kufuta. Mwaka 118 Kaisari Hadrianus alisamehe madeni ya hazina yapatayo sesterti milioni 900, na daftari zake zikachomwa moto mbele ya watu mjini Roma.

Lakini sheria ya Kaisari Valentinianus wa Tatu, ya mwaka 450, ndiyo itufundishayo zaidi jinsi deni la kale linavyomtesa mtu. Yasimulia habari za wakaguzi waliofika mikoani na kundi la watumishi wa kutisha, wakidai stakabadhi za miaka mingi iliyopita, zilizokwisha kuliwa na uzee. Nani angekuwa nazo? Mtu mnyofu, akijua moyoni kwamba hadaiwi kitu, hakufikiri kuzitunza. Basi alidaiwa tena kile alichokwisha kulipa! Kwa hiyo kufuta malimbikizo hakukuwa huruma kwa wavivu tu. Kuliwaokoa pia waliokuwa wamelipa, wasiweze kulithibitisha neno lao.

Miaka minane baadaye, Machi 458, Kaisari Majorianus alitoa sheria ya namna hiyo huko Ravenna. Aliona kwamba wenye mashamba wamechoka kabisa, akawafutia malimbikizo ya miaka iliyotangulia. Tena akaongeza jambo la busara: kodi zikusanywe na wakuu wa mikoa, wala si maofisa waliotumwa kutoka makao makuu. Deni likifutwa, na mkusanyaji mwovu akibaki mlangoni, litaota tena kama magugu.

Je, maskini walifaidika? Salvianus, padri wa Marseille, aliyeandika miaka michache kabla ya Majorianus, alinung'unika sana juu ya misamaha ya zamani zake. Alisema kwamba kodi zikiongezwa, maskini hutwishwa kwanza. Zikipunguzwa, matajiri hugawana nafuu wao kwa wao. Hata Yulianus, yule aliyeiasi imani (tumpe haki yake katika jambo hili), alipotawala Gallia, nchi iitwayo leo Ufaransa, alikataa kusamehe malimbikizo. Alijua kwamba maskini hulazimishwa kulipa yote tangu mwanzo wa mwaka, bali tajiri huchelewa makusudi, akingojea msamaha. Yeye alichagua kuipunguza kodi yenyewe, kutoka vipande 25 vya dhahabu hata 7, ili nafuu imfikie kila mlipaji.

Majorianus hakupata muda wa kuitunza kazi yake. Agosti 461 aliuawa kwa shauri la jemadari wake Ricimer. Wenye mashamba waliokuwa na deni walikwisha kupata nafuu yao. Lakini mkulima aliyeuza ng'ombe apate kulipa kwa wakati, msamaha ule haukumrudishia ng'ombe wake.