Homa Iliyoonekana kwa Sababu ya Damu Puani

Mwanzoni mwa Julai 2022, wagonjwa wawili walifika kutibiwa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, kusini mwa Tanzania, wakiwa na homa, kichwa kinauma, mwili umechoka na damu inatoka puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 vikatoka hasi. Tarehe 18 Julai, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu akatangaza kuwa ni Homa ya Mgunda, yaani leptospirosisi. Wagonjwa 20 walikuwa wamebainika, na 3 wamefariki.

Kama si damu ile, nani angeshtuka? Mgunda huanza kama mafua makali: homa ya ghafla, kichwa, vigimbi vinauma. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, wakaingia kwa mtu kupitia mchubuko au maji machafu. Dalili hutokea siku 2 hadi 30 baadaye. Mkulima wa ufuta hunywa panadol kwanza. Akizidiwa ndipo huenda zahanati, na huko hupimwa malaria.

Ugonjwa wake huandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejista za kituo, ambavyo hujumlishwa mwisho wa mwezi. Ipo njia ya haraka ya kuripoti magonjwa ya mlipuko, ila nayo husubiri mtu ashuku. Faili la kielektroniki, kama la GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa vituo vya afya, huandikwa mgonjwa akiwa bado kitini: tarehe, umri, kijiji, dalili, majibu ya kipimo. Programu inaweza kuhesabu kila asubuhi wenye homa ya nyuzi 38 au zaidi na kikohozi, kigezo ambacho WHO hutumia kwa magonjwa yanayofanana na mafua, na kando yao wenye homa waliokutwa hawana malaria. Majina hayahitajiki. Watatu Ruangwa na wawili wilaya jirani ya Nachingwea hawamshtui mganga yeyote akiwa peke yake. Wakijumlishwa ndani ya wiki moja, wanatosha kuwapigia simu waratibu wa wilaya zote mbili.

Lakini foleni ikiwa ndefu, tabibu huchagua "malaria" na kuendelea na mwingine, na dalili zikapotea papo hapo. Kwangu mimi, hilo ni tatizo kubwa kuliko mtandao kukatika. Sehemu ya dalili na ya kijiji zisirukike. Na kengele ikilia, kompyuta haitajua kama ni mafua au mgunda: damu ichukuliwe siku hiyohiyo, na majibu yarudi kwa tabibu aliyeituma.