Sentensi Inayosubiri Kujazwa

Katika PHP, lugha ya kuundia tovuti ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995, stringi ni mfuatano wowote wa herufi: jina, sentensi, hata ukurasa mzima. Stringi ikifungwa kwa alama mbili za nukuu, kigeu kilichomo hujazwa papo hapo. Kigeu $kata kikibeba neno Mungaa, basi "Kata ya $kata" huwa Kata ya Mungaa mara tu PHP inapoufikia mstari huo. Baadaye $kata ikipewa jina la kata nyingine, sentensi iliyokwisha kuundwa haibadiliki. Stringi ikifungwa kwa alama moja moja, hakuna kinachojazwa: dola inabaki dola.

Kuchelewesha ujazaji ni kuitunza sentensi pamoja na mapengo yake mpaka taarifa zitimie. Ofisi za vijiji hufanya hivyo kwa karatasi: barua ya utambulisho iliyochapwa huachwa na nukta mahali pa jina na kitongoji, na mtendaji huzijaza mwenye shida anapofika.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili ni Wikipedia. Programu inayoiendesha, MediaWiki, imeandikwa kwa PHP na ilianza kazi mwaka 2002. Wikipedia ya Kiswahili ilifuata mwaka 2003. Miongoni mwa kurasa zake umo wa Mungaa, kata ya Wilaya ya Ikungi mkoani Singida. Makala ni fupi, lakini imezungukwa na maneno ambayo mwandishi wake hakuyaandika: hariri, historia, tafuta. Hayo ni maneno ya programu, na lugha yake humfuata msomaji. Aliyejisajili akachagua Kijerumani huyaona kwa Kijerumani, ingawa makala inabaki ya Kiswahili. Ujumbe ungejazwa mapema, programu ingelazimika kuibahatisha lugha. Ndiyo maana ndani ya MediaWiki ujumbe husafiri kama jina na taarifa zake tu, kisha hugeuzwa kuwa maneno katika hatua ya mwisho. Mapengo yake huandikwa $1, $2 na kuendelea. Alama hizo PHP haizigusi hata ndani ya nukuu mbili, kwa kuwa jina la kigeu haliruhusiwi kuanza na tarakimu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapodai zaidi. Kwa Kiingereza, mara nyingi kubadili nomino kunatosha. Kwa Kiswahili, idadi huburuta sentensi nzima: ukurasa mmoja umehaririwa, kurasa 3 zimehaririwa. Na pengo likiwa la nomino yenyewe, mambo huharibika haraka, kwani faili limefutwa, ukurasa umefutwa, picha imefutwa. Mwandishi wa programu aliyeacha pengo la jina tu na kukaza kitenzi mapema ameshaamua ngeli bila kujua. MediaWiki ina chombo kinachoitwa PLURAL, ambacho humwezesha mfasiri kuandika sura zote mbili, ya umoja na ya wingi, ili ichaguliwe moja namba inapofika. Chombo hicho hufaa Kiswahili pale tu kila neno linalobadilika, pamoja na kitenzi, linapowekwa ndani yake. Kwa upande wa ngeli, lililo salama ni ujumbe kamili kwa kila aina ya kitu. Kazi huongezeka, lakini hakuna njia ya mkato inayotoa Kiswahili sanifu.

Nje ya MediaWiki, njia nyepesi ni sprintf, ambayo hupokea sentensi yenye alama kama %s na kuijaza inapoitwa. Njia nyingine ni fankisheni isiyo na jina, iliyoingia PHP 5.3 mwaka 2009 na kupata umbo fupi la fn katika PHP 7.4 ya mwaka 2019. Umbo hilo fupi lina mtego. Sentensi ikiandikwa fn() => "Kata ya $kata", ujenzi wa maneno husubiri, lakini thamani ya $kata hunakiliwa tangu fankisheni inapoundwa; mabadiliko ya baadaye hayaonekani. Dawa ni kuipitisha thamani wakati wa kuita: fn($kata) => "Kata ya $kata".

Njia isiyofaa ni kuhifadhi stringi yenye dola kisha kuipa eval iiendeshe kama msimbo. Maandishi ya mtumiaji yakipenya humo, mtu wa nje atakuwa anatoa amri kwenye seva. Hata njia zilizo salama zinahitaji uangalifu: jina lililojazwa na mtumiaji linaweza kuficha alama za HTML. Alama hizo hudhibitiwa wakati wa kujaza, kwa sababu ni hapo tu inapojulikana kama maneno yanaelekea kwenye ukurasa wa tovuti, kwenye barua pepe au kwenye ujumbe wa simu, na kila mahali pana kanuni zake.