Kodi ya Ardhi Nairobi: Daftari na Asilimia (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 209, imezipa kaunti haki ya kutoza kodi ya mali. Leo twataka kumwonyesha msomaji jinsi kodi hiyo inavyopatikana, maana wengi wanaodhani kwamba ni makisio ya karani wa ofisini wameghafilika.

Kodi hii huzaliwa na hesabu mbili zizidishwazo. Ya kwanza ni thamani ya ardhi, ambayo mthamini huiandika katika daftari: nambari ya kiwanja, jina la mwenyewe, ukubwa, na bei ambayo ardhi ile ingeuzwa lau haina jengo juu yake. Basi mwenye ghorofa kumi na mwenye kibanda cha mabati, viwanja vyao vikilingana kwa ukubwa, mahali na matumizi, hutozwa sawasawa, jambo ambalo naliona ni insafu, kwa kuwa halimwadhibu ajengaye. Ya pili ni asilimia, ambayo watendaji huipendekeza katika Mswada wa Fedha, raia wakaitwa kutoa maoni, kisha wawakilishi wa wadi wakaipitisha.

Daftari la Nairobi la mwaka 1980 lilitumika zaidi ya miaka 40. Kwa vile thamani ilikuwa imeganda, wakuu wa mji hawakuwa na hila ila kupandisha asilimia, kutoka 17 hadi 34. Kiwanja kilichoandikwa shilingi 10,000 kikatozwa 3,400 kwa mwaka, ijapokuwa sokoni chafikia milioni 10. Lilipokuja daftari jipya asilimia ilishuka hadi 0.115, na kiwanja kile kile, kikithaminiwa hiyo milioni 10, chadaiwa 11,500.

Kwa hiyo mlango wa haki uko kwenye daftari. Hutangazwa kwanza kama rasimu, na chini ya sheria ya zamani, Sura ya 266, mwenye mali alikuwa na siku 28 za kuleta pingamizi kwa maandishi, likasikizwa na mahakama ya uthamini. Muhula ukipita, thamani imethibiti. Hapo ndipo hudhulumika mjane ambaye kiwanja chake katika daftari bado kimeandikwa kwa jina la marehemu mumewe, na muhula ukampita bila yeye kuleta pingamizi.

Ewe msomaji, rasimu ikitangazwa usingoje hati ya madai; nenda mwenyewe ukaitafute nambari ya kiwanja chako, na ukiona thamani imezidi, andika pingamizi kabla ya siku zilizotajwa katika tangazo kutimia.